Mvule, Mti wa Mashua za Tanganyika

Msafiri afikaye Bandari ya Bujumbura hutazama kwanza meli za chuma zishushazo shehena za Kigoma na Mpulungu. Mimi nilivutwa na mashua ya mbao iliyopakiwa ufukoni kando ya bandari, ubavu wake umefunguliwa, na fundi mzee akipima ubao mpya kwa shubiri.

Baada ya kuamkiana nilimwuliza ni ubao wa mti gani.

"Mvule, mwanangu. Huu nimeungoja miezi miwili."

Msomaji mpenzi, huenda nyumbani kwako umo mlango au kabati la mvule, nawe hujapata kuuona mti wenyewe. Ni wa ukoo mmoja na mforosadi na mkuyu, na gome lake likikatwa hutoa utomvu mweupe. Hufikia urefu wa meta 50. Shina lake hunyooka meta 20 au zaidi bila tawi, na unene wake hupita meta 2. Mbao zake hustahimili maji na mchwa, ingawa vumbi lake huwasha pua na ngozi. Mara nyingine ndani ya shina mna jiwe la chokaa lililofanyizwa na mti wenyewe. Msumeno ukiligusa, meno hukatika!

Ajabu kubwa zaidi ni kwamba kuna mvule dume na mvule jike. Dume huning'iniza maua marefu kama mikia. Jike huzaa matunda ambayo popo huyala na kutawanya mbegu. Mkata miti asiyejua tofauti hiyo akiangusha miti jike yote ya mahali, midume itabaki ikichanua bila kuacha mche hata mmoja. Na kupanda si kazi nyepesi, kwani wadudu wadogo huvimbisha machipukizi ya miche hata yakafa, hasa ikipandwa mivule mitupu. Ikichanganywa na miti mingine, penye kivuli kidogo, huokoka zaidi. Wenye mashamba wangeanza na michache hivyo.

Ubao wa mzee haukutosha kuziba pengo lote. Aliokota ule wa zamani alioung'oa, mweusi kwa miaka ya ziwani, akaupiga randa mara tatu. Chini ya weusi ukatokea mti mzima wa rangi ya kahawia. Akaunusa, akacheka, akamwita kijana wake alete pamba ya kalafati.