Walioondoka Mapema na Waliokataa Kuondoka

Kila mji una ubishi wake wa muziki. Dar es Salaam tulirithi ule wa Msondo na Sikinde, na mpaka leo ukimpata mzee anayeujua vizuri, chai itapoa kabla hajamaliza hoja ya kwanza. Waingereza nao wana wa kwao: Beatles au Rolling Stones? Ulianza 1963, ukavuka bahari, na haujapata mwamuzi.

Mimi si wa kizazi hicho. John Lennon aliuawa New York Desemba 1980, miaka kadhaa kabla sijazaliwa. Bendi zote mbili nimezikuta kwenye intaneti, nyimbo zao zote zimerundikwa pamoja, kwa hiyo sikuwahi kulazimika kuchagua ninunue santuri ipi. Labda ndiyo maana swali la nani mkali zaidi halinigusi sana. Linalonigusa ni hili: nani kati yao bado anaishi ndani ya kazi za wengine, na anaishi vipi?

Nauliza kwa sababu ya kazi yangu. Naandika habari za utamaduni, nina miaka thelathini na kitu, na haupiti mwezi sijasikia mtu akisema msanii fulani "angestaafu jina likiwa juu." Kauli hiyo inatamkwa kama busara, na hakuna anayeihoji. Basi hapa tuna watu wa mji mmoja wa studio, waliojuana na kutembeleana. Bendi moja iliacha ikiwa juu. Nyingine mpaka leo haijaacha. Ukitaka kuipima busara hiyo, mfano bora kuliko huu utaupata wapi?

Tuanze na walioacha. Albamu ya kwanza ya Beatles, Please Please Me, ilitoka Machi 1963. Ya mwisho, Let It Be, ilitoka Mei 1970. Miaka saba tu. Nyimbo kumi za ile ya kwanza zilirekodiwa siku moja, 11 Februari 1963, Lennon akiwa na mafua. Miaka minne baadaye, watu walewale, katika studio ileile ya EMI pale Abbey Road, walitumia zaidi ya miezi minne kutengeneza Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band.

Katikati hapo kuna uamuzi. Agosti 1966, baada ya onyesho la San Francisco, waliacha ziara kabisa. Kelele za mashabiki zilikuwa kubwa kiasi kwamba jukwaani hawakuwa wanajisikia wenyewe. Wakaingia studio na kufunga mlango. Studio, ambayo kwa wengi ilikuwa chumba cha kunasa kile bendi inachopiga, wakaigeuza kuwa ala. Sikiliza "Tomorrow Never Knows" ya mwaka huohuo: vipande vya tepu vimekatwa, vikaungwa mwanzo na mwisho viwe duara, vikazungushwa kwenye mashine. Fundi wao, Ken Townsend, alibuni njia ya kuirudufu sauti ya mwimbaji kwa mashine, kwa sababu Lennon alichoka kuimba kitu kilekile mara mbili.

Leo kuna kijana Mbagala amejifungia chumbani na kompyuta. Anakata kipande cha sauti, anakirudiarudia, anakiharakisha, kinakuwa singeli. Sisemi amejifunza kwa Beatles. Huenda hawajui kabisa. Na wao wenyewe hawakuanzisha michezo ya tepu. Kulikuwa na watunzi wa Paris waliowatangulia kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba walilitoa wazo hilo kwa wasomi wachache wakaliweka redioni, kwenye nyimbo ambazo watoto walizipigia mluzi wakienda shule. Baada ya hapo likawa mali ya kila mtu.

Kwa sisi wapenda hadithi kuna jambo la ziada. Novemba 1966 Paul McCartney alikuwa ndani ya ndege akirudi London kutoka mapumzikoni Kenya, ndipo likamjia wazo la bendi ya kubuni. Beatles wajifanye watu wengine, wenye jina jingine na sare nyingine, na albamu iwe ya hao. Wakenya mnaweza kujidai kidogo, ingawa Kenya yenyewe haisikiki popote humo. Lakini angalia alichokifanya. Mwandishi wa riwaya angekiita msimulizi: unatafuta mdomo usio wako ili useme ambayo ukiwa wewe ungeona aibu kuyasema. David Bowie alikuja kujenga nusu ya maisha yake ya sanaa juu ya wazo la namna hiyo.

Kwa hiyo ushawishi wa Beatles ni kama chumvi kwenye mchuzi. Umeyeyuka. Huwezi kuunyooshea kidole, na wanaoutumia hawajui kwamba waliupokea.

Stones ni habari nyingine. Wao ushawishi wao una anwani. Jina la bendi lenyewe wamelitoa kwenye wimbo wa Muddy Waters wa 1950. Juni 1964, mara tu walipokanyaga Marekani kwa mara ya kwanza, walikwenda Chicago kurekodi kwenye studio za Chess, namba 2120 South Michigan Avenue, kwa sababu ndipo watu waliowaabudu walirekodia. Anwani hiyo wakaifanya jina la wimbo. Desemba mwaka huo walishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa "Little Red Rooster," bluzi halisi ya Willie Dixon, isiyolainishwa ili iwapendeze wasichana wa shule.

Tukio ninalolipenda zaidi ni la Mei 1965. Kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho Shindig! kiliwaalika. Wakataka Howlin' Wolf naye apewe nafasi. Wolf, jina lake halisi Chester Burnett, alikuwa na miaka 54, mtoto wa Mississippi, mtu mkubwa wa umbo na sauti kama mawe yanasagwa. Akaimba, na Stones wakakaa chini mbele yake kama watoto wa chuo mbele ya mwalimu. Hebu fikiria. Vijana weupe wa Marekani walimwona mtu wa nchi yao wenyewe sebuleni kwao kwa sababu Waingereza wa miaka ishirini na kitu walimtaka pale.

Huu ni ushawishi wa aina ya pili: unaorudisha nyuma. Ukiwapenda Stones kwa dhati, hubaki kwao. Utafika kwa Wolf, kwa Muddy, kwa Robert Johnson. Mimi nilifika hivyo. Nilianza na gitaa la Keith Richards na nikaishia kwenye rekodi za Johnson za 1936 na 1937, nikisikiliza mtu mmoja anayepiga kama watu wawili.

Ila tusiwapambe. "Love in Vain" ya Johnson ipo kwenye albamu yao ya 1969, Let It Bleed, na kwenye santuri za mwanzo jina la Johnson halikuwapo kama mtunzi. Kuna mnyororo mwingine ambao ningependa ufundishwe kwenye darasa la hakimiliki. Miaka ya 1950 Staple Singers, familia ya Chicago, walirekodi wimbo wa kanisani. Mwaka 1965 kiitikio chake kikazaa "The Last Time" ya Jagger na Richards, na Richards mwenyewe hajawahi kulificha hilo. Meneja wao, Andrew Loog Oldham, akautengenezea toleo la okestra. Mwaka 1997 bendi ya The Verve ikachukua kipande cha toleo hilo kwa ajili ya "Bitter Sweet Symphony." Ukazuka mgogoro, na utunzi ukaandikwa kwa majina ya Jagger na Richards. Mwaka 2019 wawili hao wakamrudishia Richard Ashcroft haki ya wimbo wake. Uungwana, sawa. Lakini katika mvutano wote ule wa miaka zaidi ya ishirini, waumini walioanza kuuimba wimbo ule kanisani hawakuwa upande wowote wa meza.

Halafu kuna "Brown Sugar" ya 1971. Mdundo wake utakuinua kitini. Maneno yake yanachezea utumwa na miili ya wanawake weusi kama vile ni utani wa baa. Mimi ni mtu wa pwani. Bagamoyo si mbali na kwetu, na kule minyororo imewekwa kwenye makumbusho. Siwezi kuucheza wimbo huo nikasahau. Mwaka 2021 waliuondoa kwenye ziara yao, baada ya nusu karne. Watu waliokaa chini kwa heshima mbele ya Wolf ndio haohao walioandika maneno yale. Kumpenda mwalimu na kuwaheshimu watu wake ni mitihani miwili tofauti, na wao walifaulu mmoja mapema kuliko mwingine.

Sasa turudi kwenye busara ya kuacha ukiwa juu. Beatles walipoachana, walijihifadhi. Hakuna albamu mbovu ya Beatles ya 1983. Hakuna picha yao wakiwa wazee wanne wanaotafuta pumzi jukwaani. Stones wamezeeka hadharani. Wana albamu za kusahaulika, wana magomvi ya Jagger na Richards, wana tiketi za bei ya kukera. Ziara yao ya Marekani ya 2024 ilidhaminiwa na AARP, jumuiya ya Wamarekani waliotimiza miaka 50 na kuendelea. Bendi iliyowahi kuwatisha wazazi wa dunia nzima, ikidhaminiwa na chama cha wazee! Nilicheka, bwana, kisha nikaacha kucheka. Mbona hatuwacheki wapiga bluzi waliokufa wakiwa kazini? Mbona Bi Kidude alipopanda jukwaani katika uzee wake mkubwa tulisimama tukapiga makofi?

Oktoba 2023 Stones walitoa Hackney Diamonds, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu 2005. Jagger alikuwa ametimiza miaka 80. Kwenye wimbo mmoja anayepiga besi ni Paul McCartney. Wiki mbili baadaye ukatoka "Now and Then" wa Beatles: sauti ya Lennon iliyotolewa na kompyuta kwenye kaseti ya zamani, wenzake wakajazia. Februari 2025, usiku mmoja, kazi zote mbili zilishinda tuzo za Grammy.

Nilizisikiliza moja baada ya nyingine. "Now and Then" ulinigusa jinsi barua ya marehemu inavyogusa: safi, umri hauna nafasi ndani yake. Hackney Diamonds haikunigusa hivyo. Ilinichangamsha. Nilisikia watu wanaogombana na miguu yao, na mapafu yao, na jina lao wenyewe, na bado wanataka kujua wimbo wa kesho utakuwaje.

Ukiniuliza nani alibadilisha muziki zaidi, nitakujibu Beatles, tena haraka. Lakini uandishi haunipi nafasi ya kuacha nikiwa juu. Sijawahi hata kufika huko juu. Ninachohitaji ni mfano wa namna ya kuendelea: kujua ulikopokea, kulipa deni hata kama umechelewa, kuondoa kilichokuwa kibaya, kisha kurudi kazini Jumatatu.

Mwishoni mwa 2015 Stones waliingia studio London, na kwa siku tatu wakarekodi Blue & Lonesome, albamu ya bluzi tupu, ikiwamo nyimbo za Howlin' Wolf. Wolf alifariki 1976 akiwa na miaka 65. Wakati wanaziimba upya nyimbo zake, Jagger na Richards walikuwa wameshampita umri mwalimu wao.