Kalamu ya Gamba la Nyoka



Wapendwa, juma hili hatutaanza na masomo ya Dominika bali na kalamu. Ipo mezani petu tunapoandika haya, ingawa hatuandiki nayo, na sababu yake mtaiona.

Miezi michache iliyopita, kijana mmoja wa hapa Chang'ombe, fundi wa kukereza miguu ya vitanda na meza, alituletea kalamu hiyo baada ya Misa ya pili. Mwili wake unang'aa kama kioo, na ndani ya kioo hicho yamejipanga magamba ya nyoka. Akina mama waliosimama karibu walirudi nyuma, mmoja akafanya ishara ya msalaba. Nasi, badala ya kuuliza, tuliipokea kwa vidole viwili tukaifungia kabatini. Dominika iliyofuata tulihubiri juu ya hirizi na kazi za giza. Jina hatukulitaja, wala haikuhitajika. Kijana hakuonekana tena kanisani, na wateja wakaanza kuipita karakana yake.

Aliyekuja parokiani ni mama yake. "Baba," alisema, "ungemwuliza kwanza. Lile gamba niliokota mimi mwenyewe kwenye mawe, nikipalilia uwele. Nyoka alikuwa amekwenda zake."

Ndipo tukaenda karakana, jambo ambalo tulipaswa kulifanya mwanzoni. Kijana alitupokea kwa heshima iliyotuaibisha, akatueleza kazi yake kwa utulivu. Gamba huoshwa kwa sabuni, hulainishwa katika maji ya uvuguvugu, hunyooshwa na kukaushwa. Likibaki na unyevu hata kidogo, mapovu huharibu kazi yote. Ukavu wa kiangazi cha Dodoma, tunaoulalamikia kila siku, kwake ni msaada. Kisha hulizungusha juu ya mrija mwembamba wa shaba aliokwisha kuupaka rangi nyeusi, kwa kuwa gamba la kuokota limepauka, nalo bila giza nyuma yake halionekani. Huumiminia rezini, dawa ya majimaji inayochanganywa na kigandishi hadi iwe ngumu na angavu. Baada ya siku moja au zaidi huufunga kwenye mashine, huukereza, huupiga msasa na kuung'arisha.

Alitufundisha pia kwamba gamba hilo ni la maada ileile ya kucha zetu, na kwamba nyoka hulivua kwa kuligeuza ndani nje, kama mtu avuavyo soksi. (Msemo wa kujivua gamba ulivuma sana katika siasa zetu mwaka 2011, yeye aliutumia kwa maana yake ya kwanza.) Hata jicho la nyoka huvuliwa utando wake. Siku chache kabla ya hapo macho yake huingia ukungu, akawa haoni vizuri. Hatukumjibu neno.

Usiku ule tulimfikiria nyoka wa shaba. Wengi tunamkumbuka jangwani, watu walipomtazama wakapona, na Bwana akajifananisha naye alipozungumza na Nikodemu. Tunasahau kwamba mfalme Hezekia alikuja kumvunjavunja, kwa kuwa watu walikuwa wamegeuka kumfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ileile. Kijana yule hakuwa amemfukizia yeyote uvumba. Alikuwa akitafuta ada ya shule ya wadogo zake.

Lakini lipo jambo lingine, na tungelijua mapema kama tungemwendea mapema. Mnunuzi mmoja alikuwa amemwahidi fedha nyingi akipata ngozi ya chatu aliyechunwa, yenye rangi zake zote. Alikuwa bado anasita. Tulisoma naye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ngozi na sehemu nyinginezo za mnyamapori huhesabiwa kuwa nyara, hata zikishageuzwa kuwa kifaa, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Chatu, zaidi ya hayo, yumo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES. Tulipomaliza kusoma, sote wawili tuliitazama kalamu. Hata gamba la kuokota lahitaji kuulizwa.

Amemkatalia mnunuzi. Sasa anajaribu vipande vya mizabibu iliyopogolewa, ambayo Dodoma haikosekani. Mikunjo yake ndani ya rezini inapendeza, ingawa yeye asema bado haijamridhisha. Dominika iliyopita tulimwomba radhi mimbarini palepale tulipomjeruhi. Wapo walionung'unika kwamba padre amelainika. Mama yake alikuwa kwenye benchi la mbele. Yeye mwenyewe alisimama nje, karibu na mlango.

Jumatatu asubuhi tutaongozana naye kwa afisa wanyamapori, tuulize kinachoruhusiwa. Kalamu itakuwa mfukoni mwetu, si mwake.