Jengo la Kiwanja cha Ndege na Waliolisanifu

Tulipoliona pichani kwa mara ya kwanza jengo lililo katikati ya kiwanja cha ndege cha Los Angeles, Marekani, tulicheka. Matao mawili meupe yanakatana angani, kimo chake chapata mita 41, na chini yake limeshikiliwa duara mfano wa sahani. Tulidhani ni mdudu wa miguu minne aliyeshuka kutoka sayari nyingine. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1961, mwaka ule ule binadamu wa kwanza alipoizunguka dunia katika chombo cha angani. Lilikuwa kama linamwambia abiria kwamba wakati ujao umekwisha kufika.

Kicheko chetu kilikoma tulipouliza ni nani waliolisanifu. Miongoni mwao alikuwamo Paul R. Williams, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mjini humo mwaka 1894, akafiwa na wazazi wote wawili angali mtoto mdogo. Huyu alijizoeza kuchora kichwa chini miguu juu, ili mteja Mzungu aliyechukia kuketi naye bega kwa bega aketi ng'ambo ya meza na kuuona mchoro umekaa sawa. Alisanifu majumba ya fahari katika mitaa ambayo yeye mwenyewe, kwa sababu ya rangi yake, hakuruhusiwa kuishi.

Lakini tuseme kweli: jengo hili hakulisanifu peke yake. William Pereira, Charles Luckman, Welton Becket na wasaidizi wao walishiriki. Kumpa Williams sifa yote ni kuwadhulumu wenzake. Kumsahau ni kumdhulumu yeye, na dhuluma hii ya pili ndiyo iliyozoeleka.

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Williams alifariki mwaka 1980. Nishani ya dhahabu ya Chama cha Wasanifu Majengo cha Marekani alitunukiwa mwaka 2017. Pete ilifika, chanda kikiwa kaburini miaka 37.

Mkahawa uliokuwamo ndani ya duara lile ulifungwa mwaka 2013, na ule wakati ujao wa mwaka 1961 sasa ni mambo ya kale. Matao yangali yamesimama. Basi, ndugu walimu, mnapowaonyesha wanafunzi jengo lolote la sifa, msiishie katika kuhesabu mita zake. Waulizeni ni mikono ya akina nani iliyolichora, na ni milango ipi iliyofungwa mbele ya mikono hiyo.