Trakta Ikizimika, Usitafute Mchawi

Katika misioni nyingi za nchi yetu trakta ndogo ya mazutu imekuwa mtumishi wa wote. Yalima shamba la parokia, yalima shamba la shule, tena wakulima waliochanga fedha zao pamoja huikodi ili walime kabla mvua haijawa kubwa. Ikifanya kazi vizuri, hakuna anayeitaja. Lakini siku ikizimika katikati ya shamba, ndimi zote zafunguka. Huyu asema: shofere ameuza mafuta. Yule asema: kuna mkono wa mtu. Kwa hiyo leo napenda kuandika juu ya njia ya mafuta ndani ya trakta, jinsi yanavyopita na jinsi yanavyokatika. Labda mtauliza: kazi hiyo yamhusu nini katekista? Ngojeni kidogo, mtaona.

Kwanza tujue jinsi motere ya mazutu inavyofanya kazi. Motere ya esansi huwasha mafuta yake kwa cheche ya umeme. Motere ya mazutu haina cheche. Yavuta hewa, yaikandamiza mpaka nafasi yake yawa ndogo mara 16 hata mara 20, na hewa iliyobanwa hivyo yapata moto wa kupita digrii 500. Hapo mazutu yarushwa ndani kama ukungu, nayo yashika moto yenyewe. Aliyevumbua jambo hili ni Mjerumani Rudolf Diesel. Motere yake ilifaulu mwaka 1897, katika mji wa Augsburg. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, motere moja ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na watazamaji wachache tu walitambua. Sisemi mtie karanga katika trakta zenu! Nasema tu kwamba motere hii haikuzaliwa na kiburi cha mafuta. Inachodai ni usafi, na njia isiyokatika.

Njia yenyewe ni hii. Mazutu yatoka katika tanki, yapita robineti, yaingia katika chujio, ndilo mafundi waitalo filtri. Katika trakta nyingine pompi ndogo yayavuta; katika trakta nyingine tanki limewekwa juu, na mazutu yashuka kwa uzito wake tu, kama maji ya mlimani. Toka filtri yaingia katika pompi kubwa, ambayo yayasukuma kwa nguvu katika mirija myembamba ya chuma hata enjekteri, na enjekteri ndiyo iyarushayo ndani ya motere. Mazutu yanayobaki yarudi kwa mrija mwingine. Ndani ya pompi kubwa vyuma vyakaribiana hata nafasi kati yao haifiki sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Sasa fikirini, punje moja ya mchanga yafanya nini mahali kama hapo.

Maadui wa njia hii ni wanne. Wa kwanza ni uchafu: mchanga, kutu ya pipa, nyuzi za kitambaa. Uchafu huziba filtri; trakta yawaka vizuri, lakini ikipewa kazi nzito yapungua nguvu kama mtu mwenye njaa. Wa pili ni maji. Maji ni mazito kuliko mazutu, hukaa chini ya tanki, palepale penye mlango wa kutokea. Motere yakohoa, yatoa moshi mweupe, na vyuma vya ndani vyaota kutu. Wa tatu ni hewa ndani ya mirija. Mazutu hayakubali kubanwa, ndiyo maana yafika kwa nguvu. Hewa yakubali kubanwa, basi pompi yasukuma bure. Wa nne ndiye anayesahauliwa, naye ni kinyume cha yule wa tatu: kukosa hewa juu ya mafuta, ndani ya tanki. Hewa katika mrija ni adui, lakini hewa katika tanki ni rafiki, maana mafuta yakishuka lazima kitu kingine kiingie mahali pake. Kila mama anayefungua kopo la mafuta ya kupikia ajua jambo hili: hutoboa matundu mawili, moja la kumimina, moja la kupitisha hewa. Kwa hiyo kifuniko cha tanki huwa na kitundu kidogo. Kitundu kikizibwa, mafuta yashuka muda fulani, halafu yakataa.

Adui huyu wa nne ndiye aliyetaka kumfukuza mama mmoja mzee kijijini kwetu.

Parokia yetu iko upande wa Moba, katika milima iliyo juu ya ziwa Tanganyika. Mwezi wa Novemba mwaka 2022 mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, na wakulima walikuwa na haraka. Kila asubuhi, saa moja, trakta iliondoka misioni tanki likiwa limejaa, ikafuata njia ya mtoni. Nayo kila asubuhi, ilipofika pembe ya shamba la mama mmoja mjane, ilizimika. Shofere akajaribu kuiwasha, wapi! Wakangoja karibu saa nzima, kisha ikawaka tena kama kwamba haikuwa na ugonjwa wowote, ikaenda kidogo, ikazimika tena.

Siku ya kwanza watu walicheka. Siku ya pili walinong'ona. Siku ya tatu vijana walikwenda na fimbo mbele ya nyumba ya yule mama, wakamwambia aondoe dawa aliyoifukia shambani. Mmoja alikuwa amebeba kijinga cha moto. Wazee waliwazuia siku ile, lakini mkuu wa kijiji alisema kwamba mama yule ahame kabla ya Jumapili, ili pawe na amani. Ninyi mnajua amani ya namna hiyo. Mahali pengi katika mashariki ya nchi yetu wazee wa watu wamepigwa, na wengine wameuawa, kwa neno kama hilo.

Padri alikuwa safarini kutembelea vituo vya mbali. Yule mama akaja kwangu jioni, akakaa kwenye ngazi ya kanisa, akasema:

— Mwalimu, mimi hata sijui trakta yala nini. Nitairogaje?

Neno lile lilinipa akili. Kwa kweli swali lilikuwa hilohilo: trakta yala nini, na chakula chake chakatika wapi? Seminarini tulikuwa na motere ya kutoa umeme, na mtawa mmoja mwenye ufundi alitufundisha kuitunza. Alitupa sharti moja: fuata njia toka mwanzo hata mwisho, usiruke hatua, usiguse vitu viwili kwa mara moja.

Kesho yake nilimwomba shofere aondoke saa ileile, tanki limejaa vilevile, lakini afuate njia nyingine, ile ya shule. Wale vijana nikawaalika waje pamoja nasi. Nikashika saa mkononi. Baada ya dakika 25 trakta ikazimika, katikati ya uwanja wa shule. Nikawauliza:

— Ndugu zangu, leo tumfukuze nani? Mwalimu mkuu?

Wengine walicheka. Wengine walitazama chini. Jambo likawa wazi: trakta haikuchagua mahali, ilihesabu muda. Kwa njia ya mtoni, dakika 25 zaishia penye shamba la mjane. Ndiyo dhambi yake yote.

Kisha tukaanza kutafuta kwa utaratibu, watu wote wakitazama. Robineti ilikuwa wazi. Tukafungua visi iliyo chini ya filtri, tukapokea mazutu kidogo katika chupa nyeupe, tukaiacha itulie. Yalikuwa safi, hayana tone la maji. Basi na wale waliosema shofere ameuza mazutu na kutia maji, nao walipata jibu. Baadaye tukalegeza mrija unaoingia katika filtri. Mazutu yalipaswa kukimbia, maana tanki liko juu. Lakini yalidondoka kama machozi, halafu yakakoma. Basi kizuizi kilikuwa kabla ya filtri, upande wa tanki.

Tukapanda kutazama tanki. Kifuniko cha kwanza kilikuwa kimepotea njiani siku za nyuma, na kwa nia njema mtu alikuwa amefunika mdomo wa tanki kwa plastiki nzito, akaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ili vumbi na mvua visiingie. Plastiki ile ilikuwa imebonyea ndani kama shavu la mgonjwa. Shofere alipokata mpira, tulisikia hewa ikiingia, fyuu! na palepale mazutu yakakimbia katika mrija. Watoto wa shule walipiga makofi.

Tukafunga mrija, tukatoa hewa iliyoingia, motere ikawaka. Siku ile ililima mpaka jioni, na shamba la mwisho kupita lilikuwa lile la yule mama. Fundi wa bati alitengeneza kifuniko kipya, chenye kitundu kidogo chini ya kofia ili mvua isipenye. Mpaka leo kipo.

Yule mama hakuhama. Mkuu wa kijiji alikuja mwenyewe kumwambia akae. Padri aliporudi aliwaita vijana wale waende kwake kuomba radhi. Wanne walikwenda, wengine hawakwenda. Tena kuna watu ambao hata sasa, wakimkuta njiani, hupita upande mwingine. Trakta ilipona kwa saa moja. Jina la mtu haliponi upesi hivyo.

Ndiyo sababu naandika habari hizi katika gazeti letu. Tunajua amri ya nane. Wengi hudhani yakataza uongo tu, yaani kusema jambo ambalo twajua si kweli. Lakini Kanisa lafundisha kwamba hata kumhukumu mtu moyoni bila sababu ya kutosha ni kosa juu ya amri hiyo. Wale vijana hawakusema uongo; waliamini waliyoyasema. Walikosa jambo moja, kutafuta. Mchawi hupatikana upesi: yatosha awe mzee, maskini, peke yake. Sababu ya kweli hupatikana kwa jasho na subira, toka tanki hata enjekteri. Mungu aliyetupa akili hakutupa ili tuiache nyumbani siku ya taabu.

Sasa, ninyi wenye trakta, shikeni utaratibu huu. Ikizimika, kwanza tazameni kama mafuta yamo na robineti i wazi. Pili, legezeni kifuniko cha tanki. Mkisikia hewa ikiingia, safisheni kitundu chake. Tatu, fungueni visi ya chini ya filtri, mwage maji na uchafu. Nne, badilisheni filtri ikiwa saa zake zimepita. Kitabu cha trakta chaeleza ni saa ngapi. Tano, toeni hewa: fungueni visi ya juu ya filtri mpaka mazutu yatoke bila povu, mfunge, kisha mfanye vivyo hivyo katika pompi. Ikiwa bado haiwaki na bomba la moshi halitoi hata moshi kidogo, mazutu hayafiki ndani. Hapo mwiteni fundi. Pompi kubwa na enjekteri si vitu vya kufungua chini ya mwembe. Tena msiweke kamwe mkono mbele ya enjekteri inayorusha: mazutu yale hutoboa ngozi, na aliyetobolewa apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

Na mapipa yenu yatunzeni. Pipa likisimama nje, maji ya mvua hukaa juu yake; usiku baridi ikija mafuta na hewa ya ndani husinyaa, pipa lavuta maji kwa pembeni mwa kizibo. Lilazeni, vizibo viwili viwe sawa kwa kulia na kushoto, au liwekeni chini ya paa. Kabla ya kuchota, liacheni litulie siku nzima, wala msichote mpaka chini kabisa. Mimineni kwa kichujio, msifute kwa kitambaa chenye nyuzi. Jazeni tanki jioni, ili usiku unyevu wa hewa usigeuke maji ndani yake. Na kazi hizo zifundisheni vijana wengi, si shofere peke yake. Kijiji chenye vijana kumi wanaojua njia ya mazutu hakitakuwa na haraka ya kuwasha moto mbele ya nyumba ya mjane.