Gari Halinywi, Hunyweshwa

“Lita 32 zimekwenda wapi?”

Bosi hakuniangalia aliponiuliza. Macho yake yalikuwa kwenye kikokotoo. Safari ilikuwa ya kilomita 900: Arusha, Tarangire, Ngorongoro, Serengeti na kurudi. Kwa kanuni ya ofisi, lita moja ya dizeli ilipaswa kutembeza gari kilomita 7, kwa hiyo lita 129 zilitosha. Mimi nilikuwa nimetumia 161. Ilikuwa mwaka 2009, na kwa dereva wa watalii hesabu ya namna hiyo ilikuwa na tafsiri moja tu: umenyonya mafuta, ukayauza njiani.

Sitaisafisha kazi yetu kupita kiasi. Waliokuwa wakinyonya walikuwepo, na dumu la lita 20 halikukosa mnunuzi. Ndiyo maana kushukiwa hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kukosa jibu. Nilijua sijaiba, lakini lita zenyewe hazikuwepo, na aliyeshika usukani ni mimi. Jioni ile nilipita dukani nikanunua kaunta buku.

Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser ya mwaka 1996, ya ukoo wa 70, iliyorefushwa chasisi na kufunguliwa paa ili wageni wasimame kutazama simba. Chini ya boneti ilikaa injini ambayo fundi yeyote wa Arusha anaijua kama mlango wa nyumba yake: 1HZ. Silinda sita kwa mstari mmoja, ujazo wa lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta. Toyota walianza kuitoa mwaka 1990. Hewa inavuta yenyewe, na mafuta inapimiwa na pampu ya vyuma vitupu. Uzuri wake ndio huo: ikizima porini Ndutu, utaiamsha kwa spana na kipande cha waya. Ubaya wake nao ni huo huo: haina cha kukuambia kwamba leo imekula kuliko jana. Nilichokuwa nacho ni mshale wa tenki, na mshale wa tenki wa gari kuukuu husema uongo asubuhi na jioni.

Kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa kupima. Watu wengi hupima tenki moja, wakaondoka na namba, wakaibeba maisha yao yote. Dizeli ina povu. Mhudumu wa sheli akibana bomba kwa nguvu, povu hupanda hadi mdomoni mwa tenki na bomba hujikata lenyewe, kumbe bado pana nafasi ya lita kadhaa. Gari likiegemea upande, nafasi hiyo hubadilika tena. Gari langu lilikuwa na matenki mawili ya lita 90, kwa hiyo kosa lilijirudia mara mbili. Nikajiwekea masharti: sheli ile ile, sehemu iliyo sawa, kujaza taratibu, kungoja povu litulie, kuongeza hadi mafuta yaonekane. Halafu naandika kilomita, lita, njia niliyopita, uzito niliobeba. Na sikuamini namba yoyote kabla ya kujaza mara tatu.

Mwezi wa kwanza daftari lilisema kilomita 5.6 kwa lita. Kumbe ofisi ilikuwa imekadiria vizuri wizi ambao haukuwepo.

Jibu la kwanza lilitoka mahali ambapo mafuta hayapiti kabisa: kwenye matairi. Mwaka mmoja kabla, ofisi ilikuwa imeondoa matairi ya 7.50 ya inchi 16, ikafunga ya 255/85 ili gari liwe juu zaidi wakati wa matope. Tairi hilo ni refu kwa sentimita tatu na kitu. Likizunguka mara moja, gari linakwenda mbali zaidi, lakini saa ya kilomita inahesabu mizunguko, haijui kwamba kiatu kimebadilika. Kila kilomita 100 za dashibodi zilikuwa 104 za barabarani. Zile 900 zangu zilikuwa 936, na 5.6 yangu ikawa 5.8. Nilihakikisha kwa vibao vya kilomita vya barabara kuu, saa mkononi, daftari mapajani mwa msaidizi wangu. Bosi alitikisa kichwa. Hata hivyo, lita zaidi ya 25 bado zilikuwa zinanidai.

La pili nililipata kwa kiganja. Mzee mmoja fundi wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, aliniambia, “Kijana, ukifika mwisho wa safari usikimbilie chai. Zunguka gari, uyashike magurudumu yote manne katikati, uyasalimie.” Nilidhani ananitania. Siku moja nimetoka Makuyuni mbio moja hadi Arusha, kama kilomita 80 za lami, nikashuka nikayasalimia. Matatu yalikuwa vuguvugu. La nyuma kulia liliniunguza. Silinda yake ya breki ilikuwa imeota kutu ndani kwa vumbi na maji ya mito, haiachii sawasawa. Maana yake, kila siku nilikuwa nakanyaga mafuta na breki kwa pamoja bila kujua. Dizeli yangu ilikuwa inapasha moto chuma. Tulifungua, tukasafisha, tukabadilisha mpira na mafuta ya breki. Matairi nayo, yaliyokuwa yamelegea, tukayajaza upepo asubuhi yakiwa ya baridi, maana upepo uliopimwa baada ya mwendo hudanganya. Daftari likapanda hadi 6.2.

La tatu ndilo lililonifunza zaidi, kwa sababu nilikuwa naliona kila wiki na kujivunia. Gari langu lilipopanda kutoka geti la Lodoare kwenda ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, lilitoa moshi mweusi mnene kama treni ya zamani. Mimi nilidhani huo ndio ukali wa injini. Mzee fundi akaniuliza swali moja: “Gari hili lilitoka wapi kabla ya kuja hapa?” Lilitoka Dar es Salaam. “Basi,” akasema, “pampu yako bado iko Dar.”

Alinieleza akiwa amekaa juu ya ndoo. Dizeli isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, haina namna ya kuikazania. Pwani hewa ni nzito. Arusha, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, imekwishapungua. Ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, umepungukiwa karibu moja ya tano ya hewa ya Dar. Lakini pampu yangu haikuwa na kifaa cha kupunguza mafuta kadiri gari linavyopanda. Kiasi kilichofungwa kwa skrubu kule pwani ndicho ilichoendelea kumimina mlimani. Mafuta yakikosa hewa ya kuungua nayo hutoka masizi. Moshi ule mweusi niliokuwa najivunia ni pesa iliyokuwa inapita kwenye ekzosi. Na mimi, nikiona gari limechoka kilimani, nilikuwa namwambia fundi wa karibu azungushe skrubu aongeze. Nilikuwa namlisha kwa nguvu mtu asiye na pumzi.

Nozeli nazo zilikuwa zimechoka. Nozeli nzima hupuliza dizeli kama ukungu. Iliyochoka, kwa lugha ya gereji, inakojoa. Tone kubwa haliungui lote. Mzee aliamini kwamba mafuta ya miaka ile yalichangia. Siku hizo mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kuliko dizeli, na kuchakachua kulikuwa biashara. Mafuta ya taa ni makavu. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo ukizipa mafuta ya taa zinasagana. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia nishati, walianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili mchanganyiko ukipimwa ujulikane, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ikayeyuka. Kwa pampu yangu dawa ilikuja imechelewa. Tulipima nozeli zote sita kwenye mashine, tukabadilisha vichwa vyake, tukairudisha skrubu ya pampu nyuma, tukaweka filta mpya ya hewa. Kwenye lami gari lilipoteza ukali kidogo. Kwenye mlima wa Lodoare halikupoteza kitu, isipokuwa moshi. Daftari: 6.6.

Likabaki jambo moja, na hilo halikuwa na spea. Lilikuwa mguu wangu wa kulia.

Land Cruiser ina umbo la kabati. Upepo unaolizuia hauongezeki taratibu pamoja na mwendo; ukitoka 80 ukaenda 100, nguvu ya upepo inayokukabili huongezeka kwa zaidi ya nusu. Juu ya paa langu kulikuwa na keria tupu iliyokwenda nami msimu mzima bila kubeba hata mwavuli. Niliiteremsha. Nikajifunza kutembea 80 kwenye gia ya tano, injini ikizunguka karibu mara 2,000 kwa dakika, mahali inapovuta bila kulia. Mtu anayekimbia 100 ananitangulia kufika Karatu kwa dakika ishirini hivi, halafu namkuta anakunywa soda.

Lakini ubishi mkubwa kati yangu na wenzangu ulikuwa juu ya kutupa fri. Kutoka Karatu kuelekea Arusha kuna mteremko wa ukuta wa Bonde la Ufa, unashuka hadi Mto wa Mbu. Madereva wengi huondoa gia pale juu wakaacha gari lijiendee, wakiamini wanaokoa dizeli. Nami niliamini hivyo kwa miaka. Ukweli ni kinyume. Ukitoa gia, injini inabaki kwenye sailensa, na ili isizime pampu lazima iendelee kuilisha. Ukiacha gia na kutoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na gavana ya pampu inafunga mafuta. Mteremko mzima unashuka bila kutumia hata tone. Na breki zako zinafika chini zikiwa bado breki. Anayetupa fri analipia dizeli ili ahatarishe roho za watu saba. Nimewahi kuvuta harufu ya breki za mwenzangu pale kona za chini. Hakunyanyua tena ubishi huo.

Hifadhini mambo ni mengine. Mwendo wa juu Serengeti ni kilomita 50 kwa saa, na njia zenye vumbi hujikunja kama bati. Hapo namba ya lami haina maana, ukipata 5.5 shukuru. Pa kuokoa mafuta ni pale unaposimama. Chui akiwa mtini, magari kumi huzunguka yakinguruma dakika 40. Mimi nilikuwa nazima. Wageni walifurahi, maana walisikia ndege na hata chui akitafuna. Kwa vipimo vyangu, injini ile ikinguruma bure hula chini kidogo ya lita moja kwa saa. Si nyingi, lakini ipe siku nne na chui wawili. Kushuka kreta nako hakuna ujanja: ni mita 600 za kwenda chini, na utazilipa zote wakati wa kupanda, gia ndogo, foo-wili, mguu mtulivu.

Mwisho wa mwaka safari ile ile ilinichukua lita 138. Ni kilomita 6.8 kwa lita. Saba ya ofisi sikuifikia, na niliweka daftari mezani kwa bosi kumwonyesha kwa nini: saba yake ilikuwa ya gari tupu, kwenye lami, chini ya mlima. Nilimwonyesha pia kwamba lita 23 zilizopungua kila safari, kwa safari 30 za mwaka, ni lita 690. Hakuniomba radhi. Lakini tangu mwezi uliofuata ofisi ilikuwa na viwango viwili, cha lami na cha hifadhini, na kila gari lilipewa kaunta buku yake. Wanyonyaji hawakupenda. Daftari linalojulisha kwamba breki imeshika hujulisha na mengine.

Mwaka jana niliacha usukani, magoti yamekataa. Gari lile bado lipo kazini. Kijana aliyelipokea nilimkabidhi funguo na daftari, la nne sasa. Aliniuliza swali ambalo kila mtu huuliza: “Mzee, linakunywa kiasi gani?” Nikamwambia gari halinywi, hunyweshwa, aandike, atajua ananywesha kiasi gani.

Baada ya wiki tatu alinipigia usiku, sauti imemkauka. Daftari lilisema 5.9, na ofisini wameanza kumtazama.

“Umefika sasa hivi?” nikamuuliza.

“Naam, mzee. Nimeegesha tu.”

“Shuka. Yasalimie magurudumu.”

Nilisikia mlango, kisha hatua kwenye kokoto, moja, mbili, tatu, akizunguka. Kisha nikamsikia akitoa mlio wa mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.