Pikipiki Elfu Moja kwa Dakika 31

Leo naweka kando mambo ya programu kidogo, niongee kuhusu pikipiki. Msishangae, mtandao umo ndani.

Mnakumbuka usiku wa kuamkia 1 Januari 2000? Watu wa tarakilishi duniani kote walikesha wakilinda mashine zao, zisije zikadhani mwaka umerudi 1900. Usiku huohuo kampuni ya Ducati ya Bologna, Italia, ilianza kuuza pikipiki mpya kwenye tovuti yake. Huendi dukani, huijaribu barabarani, unaagiza tu na kusubiri. Bei ilikuwa euro 15,000. Elfu moja za kwanza ziliisha kwa dakika 31!

Pikipiki yenyewe inaitwa MH900e. MH ni Mike Hailwood, dereva wa mbio kutoka Uingereza. Mwaka 1978, akiwa na miaka 38, alirudi kwenye mashindano ya kisiwa cha Man baada ya kukaa nje miaka 11. Wengi walidhani amezeeka. Akashinda, akiendesha Ducati. Miaka 20 baadaye, mbunifu Pierre Terblanche, mzaliwa wa Afrika Kusini, akachora pikipiki ya kumkumbuka: taa moja ya duara, umbo la kizamani, rangi nyekundu na fedha. Zilitengenezwa 2,000 tu.

Wapenzi wa pikipiki waligawanyika. Wengine waliiona nzuri kuliko zote. Wengine wakauliza, pesa zote hizo za nini? Injini yake ya sentimita za ujazo 904, inayopozwa kwa hewa, haikuwa kitu kipya. Ilikuwa ya ukoo wa 900SS. Tangi dogo, kiti cha mtu mmoja. Hata kamera ya nyuma iliyowekwa kwenye mfano wa maonyesho mwaka 1998 haikufika kwa wanunuzi. Walipewa vioo vya kawaida. Na wapo walioinunua wakaiweka sebuleni kama pambo.

Zamani ningejiunga na wenye kuuliza. Mimi ni mtu wa hesabu: kasi kiasi gani, kwa shilingi ngapi?

Lakini marehemu baba aliacha pikipiki. Ilikuwa kuukuu, inavuja mafuta, inawaka ikipenda. Nilipohitaji tarakilishi yangu ya kwanza, niliiuza. Mnunuzi alihesabu vyuma: injini hii, magurudumu haya. Nami nikahesabu naye. Mama hakupinga. Alichukua helmeti ya baba, akaifuta vumbi, akaifungia kabatini mwake.

Tarakilishi ile ilinifundisha kazi ninayoila hadi leo, kwa hiyo sitasema nilikosea. Ila ilikufa kitambo, na sikumbuki hata niliitupa wapi. Helmeti bado iko kabatini. Nikienda nyumbani huwa naomba kuiona, na mama hunipa bila kuniuliza kitu.

Kwa hiyo wale wa dakika 31 siwacheki tena. Kesho mtu akitengeneza pikipiki mpya yenye sura ya ile ya baba, nitakesha mbele ya tarakilishi nikibofya mpaka kidole kiume.

Halafu ikifika, nitalalamika kwamba haivuji mafuta.