Karatasi na Mkasi



Juma hili tumependa kutafakari nanyi juu ya kitu tunachokidharau kila siku: karatasi. Tunafungia vitumbua, tunawashia jiko, kisha tumeisahau. Lakini mchoraji Mfaransa Henri Matisse aliipenda hata akaifanya nyenzo kuu ya uzee wake.

Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 71, Matisse alipasuliwa kwa sababu ya saratani ya utumbo. Alipona, lakini tangu hapo muda mwingi aliupitisha kitandani au katika kiti cha magurudumu. Kusimama mbele ya turubai kukawa kazi nzito. Ndipo akashika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, naye akazikata bila kuchora kwanza: majani, ndege, mwani wa baharini. Vipande vilibandikwa ukutani kwa pini na kuhamishwa huku na huku, mpaka aridhike.

Kwetu sisi Wakatoliki habari hii ina uzito wa pekee. Muuguzi mmoja aliyemhudumia mwaka 1942 baadaye alikuwa mtawa Mdominikani, Sista Jacques-Marie. Masista wa huko Vence, kusini mwa Ufaransa, walihitaji kikanisa, naye Matisse akakubali kukibuni. Vioo vya rangi vya madirisha, hata kasula za padre, vyote vilianza kama karatasi iliyokatwa. Kwa madirisha, ubunifu wa kwanza na wa pili aliuweka kando. Wa tatu, Mti wa Uzima, ndio uliotumika. Kikanisa kilitabarukiwa tarehe 25 Juni 1951, naye mwenyewe hakuweza kuhudhuria kwa sababu ya afya. Alifariki mwaka 1954. Karatasi zile za Mti wa Uzima zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Vatikano.

Ndugu wapendwa, katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo wamo wazee na wagonjwa. Tunawapelekea Komunyo, sukari na sabuni, nasi tunafanya vema. Ila ni mara chache tunawauliza wangali na nini cha kulitolea Kanisa. Bibi asiyeweza tena kutembea hadi kanisani huenda angali anaweza kudarizi kitambaa cha altare, au kumfundisha mjukuu wa jirani sala za asubuhi. Basi juma hili tuwatembeleapo, pamoja na zawadi twende na ombi: tuwaombe kazi.

Mungu awabariki nyote.